Tone la Tundu la Sindano

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeingia leo asubuhi bila hodi, na hata kizingiti hakijalowa vizuri, Mama mkwe katoka chumbani na kile kikapu chake kidogo, akatangaza: "Msimu umeanza. Kila mtu atafute gari lake." Mimi mbio hadi uvunguni mwa kitanda. Nimemkuta Pilipili wangu palepale nilipomwacha, mwekundu, urefu wa kidole, vumbi tele mgongoni. Nimempuliza, nimembusu. Mume wangu kanicheka hadi akakaa chini.

Anicheke tu. Mwaka huu sina mchezo, na ndiyo maana nimeanza kuandika. Kila nitakachompaka Pilipili kwenye ekseli nitakiandika hapa, nisije nikarudia ujinga uleule.

Habari yenyewe ni hii. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya ziada. Cha mbele kina dirisha pana linalotazama barabarani, mwanga wa kumwaga. Cha nyuma kiko kando ya korido ya kuanikia nguo, na kidirisha chake hata paka anapita kwa kujikunja. Marehemu baba mkwe alipochoshwa na ugomvi wa wanawe juu ya chumba cha mbele, alitengeneza njia ya mbao yenye mifereji miwili, kutoka juu ya ngazi hadi mlango wa kuingilia, akamnunulia kila mmoja kigari cha kuchezea, akasema chumba hicho hakiombwi, kinakimbiliwa. Tangu hapo kila msimu wa mvua tunashindana Jumamosi kwa Jumamosi. Ya mwisho ndiyo fainali: wa kwanza anachukua chumba cha mbele mwaka mzima, wa pili anachukua cha nyuma. Hizo nyingine zote ni za kupasha moto na kutambiana.

Bingwa wetu ni Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, nesi wa zamu za usiku, mwanamke asiyecheka bila sababu ya maana. Gari lake jeupe linaitwa Daktari. Kila mwaka mbele ni yeye, nyuma ni mimi. Na mimi ndiye fundi cherehani! Nashona gizani. Taa ipo, ndiyo, lakini taa ni mwongo: juzi nimeshonea suti nyeusi ya mteja uzi wa bluu iliyokoza, mwenyewe kaja kugundua akiwa juani, lo, aibu niliyoipata! Nikitaka kutunga uzi kwenye sindano naulamba mpaka unalowa wote, mwisho namwita mume wangu anitungie. Anatunga huku anapiga mluzi. Nauchukia ule mluzi.

Nakitaka chumba cha mbele. Nakitaka, nakitaka, nakitaka.

Jumanne, 10 Machi

Nimeanza na mafuta ya kupikia, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Magurudumu yamezunguka vizuri ajabu! Nimerukaruka jikoni peke yangu. Mama mkwe kachungulia, kaguna, kaenda zake.

Jumamosi, 14 Machi

Mafuta ya kupikia ni balaa. Kanuni yetu ni kwamba Ijumaa jioni magari yote yanaingia kwenye kikapu cha Mama, kikapu kinaingia kabatini kwake, kabati linafungwa kwa ufunguo, na hakuna mtu kugusa gari mpaka mbio zenyewe. Sasa mafuta yangu yamelala humo usiku kucha, yakaganda kwenye ekseli yakawa gundi. Mama kainua kibao kinachozuia magari juu ya ngazi, Daktari kachomoka, Pilipili kashuka taratibu kabisa, anasalimia kila ngazi. Shemeji, mdogo wa mume wangu, yule anayeendesha gari la mikate, ndiye mwamuzi wetu kule chini tangu kigari chake cha mbio kitumbukie mtaroni. Kanipigia kelele: "Shemeji, nikalale, likifika utaniamsha?"

Wifi kachukua Daktari wake, kapanda juu, kaufunga mlango wa chumba cha mbele.

Jumapili, 15 Machi

Nimemsugua Pilipili kwa sabuni na mswaki. Mswaki wa mume wangu. Hajajua.

Jumatano, 18 Machi

Mafuta ya mgando ya kujipaka: mazito, gurudumu halitaki hata kusogea. Poda ya kujipaka mwilini: ahaa! Laini, nyepesi, na Pilipili ananukia utadhani anakwenda harusini. Nimempitisha kwenye ubao wa kupigia pasi mara nyingi kuliko nilivyoshona leo. Mteja wa sketi kaja, kaikuta haina pindo.

Jumamosi, 21 Machi

Nimemshinda mume wangu! Yeye ni mchora mabango, na gari lake, Tausi, kila wiki analiongezea rangi mpya mpaka limenenepa. Zuri sana, lakini linashuka kwa mwendo wa maandamano. Poda yangu imempita katikati ya ngazi, nikapiga kigelegele nyumba nzima ikatikisika.

Kisha nikapangwa na Wifi, na huko hakuna cha kusimulia.

Jumanne, 24 Machi

Nimeigundua siri yake! Haki ya nani, nimeigundua!

Asubuhi Wifi karudi kazini, kakaa mezani kunywa chai, nikaona vidole vyake. Nesi, mtu anayenawa mikono mpaka inachubuka, ana vidole vyeusi! Weusi unaong'aa kidogo. Nikajifanya natafuta kijiko, nikasogea. Ni unga wa penseli! Anasugua ile risasi nyeusi ya penseli mpaka iwe unga, anautia kwenye ekseli. Mkavu, haugandi, haunati. Miaka yote hii ananipiga kwa penseli!

Nimetumwa sokoni kununua vitunguu, nimerudi na penseli.

Ijumaa, 27 Machi

Nimepata wazo kubwa kuliko la Wifi. Unga wa penseli unateleza. Mafuta ya cherehani yanateleza. Nikivichanganya? Mama yangu wee, si vitateleza mara mbili! Nimechanganya kwenye kifuniko cha chupa, nimepaka ekseli zote, nimetia Pilipili kikapuni. Kesho Wifi atanitambua.

Jumamosi, 28 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira.

Majirani walikuja kuangalia, maana mvua imewafungia ndani nao wamechoka kutazamana. Nilikuwa nimetamba. Nilimwambia Shemeji aweke godoro mlangoni, Pilipili asije akavunja kioo. Nilimwambia mume wangu aanze kunihamishia vitambaa. Mama kainua kibao. Daktari kaondoka. Pilipili kaondoka naye, kashuka ngazi mbili tatu, kisha kapunguza mwendo, kapunguza tena, halafu kasimama. Kasimama! Katikati ya njia, kwenye mteremko, gari lenye magurudumu manne! Hata kiatu kingeteleza pale.

Shemeji akatoka kule chini na godoro lake kichwani, akauliza kwa adabu kabisa: "Nilirudishe?"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kwenye mvua kupumua. Mume wangu alijaribu kujizuia, akatoa sauti puani, ikawa mbaya zaidi. Hata Mama mkwe alijifunika mtandio usoni, mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Wifi tu ndiye hakucheka. Alishuka, akamnyanyua Pilipili, akapitisha kucha kwenye ekseli, akaiangalia ile rojo nyeusi. "Kavu na majimaji havikai pamoja," alisema. "Ukivichanganya vinakuwa tope." Akaniwekea gari mkononi, akaenda kulala.

Kulala! Mchana wote huo, kwenye chumba chenye dirisha kubwa kuliko yote nyumbani. Na nitaandika jambo jingine linaloniuma: hata halitumii hilo dirisha. Ametundika mablanketi matatu, moja juu ya lingine. Nikipita barabarani nayaona. Mimi natafuta mwanga kwa tochi, yeye anauziba kwa blanketi. Roho mbaya ya aina gani hiyo?

Jumatano, 1 Aprili

Nimemwita mume wangu kutunga uzi. Kapiga mluzi. Nimemrushia kipimio.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua wiki nzima, haikukata hata kidogo. Chumvi imeloa, kiberiti hakiwaki, nguo hazikauki; zimetundikwa korido nzima, nikitaka kwenda chumbani kwangu napita naziinamia mashati.

Nilitumia unga wa penseli mtupu, na Wifi vilevile. Na sikilizeni: Daktari alikuwa mzito leo! Alishinda, ndiyo, lakini alishuka huku anakwaruza. Wangu pia. Wote wakapiga makofi kama kawaida, ila mimi nilimwona Wifi ananusa ekseli, uso umekunjamana. Unga umenyonya unyevu. Umeshikana, umekuwa vidonge vidogovidogo.

Unyevu unaushinda unga! Nimekaa kwenye ngazi baada ya watu kutawanyika, sijui hata nimcheke nani. Maana kuna kitu kimoja kisichojali unyevu, na nimekaa nacho kila siku ya maisha yangu: mafuta ya cherehani. Yenyewe, bila kuchanganywa na kitu.

Jumatano, 8 Aprili

Siku nne za majaribio. Nikitia mafuta kwa domo la kopo, yanafurika, yanatambaa hadi kwenye matairi, Pilipili anateleza kushoto na kulia mpaka anagonga kingo. Nikitia kwa kijiti, bado ni mengi. Nikifuta kwa kitambaa, hayabaki.

Leo nikakasirika, nikashika sindano nichokonoe. Sindano ilikuwa imelala kwenye mafuta. Nikainyanyua, nikaona kwenye tundu lake kumekaa tone. Si tone hata, ni utando tu, unameta. Nikaligusisha kwenye ekseli likanyonywa lote, hakuna hata alama nje. Nikazungusha gurudumu. Likazunguka. Nikaweka chai jikoni. Nikarudi. Jamani, bado lilikuwa linazunguka!

(Nimetia chumvi kidogo hapo. Lakini lilizunguka sana.)

Nimempaka kila gurudumu tundu moja la sindano, basi. Kisha nimemlaza Pilipili katikati ya mashati mabichi ya korido mpaka kesho, tuone.

Alhamisi, 9 Aprili

Kaamka mzima! Kateleza! Nimemkumbatia Mama mkwe jikoni, kaniuliza nina mimba.

Jumamosi, 11 Aprili

Raundi ya kwanza Pilipili kashuka mkali mno, Shemeji kakosa kumdaka, kampiga kifundo cha mguu. Daktari bado alikuwa njiani! Kelele zile sijawahi kuzisikia. Wifi alisimama, akashika ukingo wa ngazi.

Raundi ya pili, tumebadilishana mifereji, Pilipili kapungua kidogo, Daktari kampita. Raundi ya tatu kachoka kabisa. Nimeshindwa. Yaani gari linaanza vizuri, kisha kitu kinalishika ndani, na sijui ni nini. Mafuta ni yaleyale, tone ni lilelile. Nimelala kitandani nimevaa viatu, mume wangu kanivua bila kupiga mluzi.

Jumanne, 14 Aprili

Leo nina mengi. Nimesogeza kazi zote pembeni.

Kiasi cha saa nne asubuhi mlango wa chumba changu ukagongwa. Wifi. Hajawahi kuja huku nyuma. Amevaa sare yake ya kazi bado, macho mekundu, chini ya macho kumevimba. Mkononi ana kibano kile cha kutolea vibanzi kwenye vidonda.

"Lete gari," akasema.

"La nini?"

"Lete, wewe mtoto."

Nikampa. Akakaa kwenye kigoda changu, akaniagiza nimmulikie tochi, akampindua Pilipili kifudifudi. Akaingiza ncha ya kibano nyuma ya gurudumu, akavuta polepole. Ukatoka unyoya wa kitambaa. Akavuta tena. Ukatoka uzi, wa kijani, mwembamba, umejizungusha kwenye ekseli nzima. Wa kijani! Lile gauni la mwalimu nililomaliza wiki iliyopita!

"Mafuta yako ni mazuri," Wifi akasema. "Lakini yanadaka kila kinachoruka humu ndani. Unapaka gari kwenye meza ya kukatia vitambaa. Raundi ya kwanza manyoya bado machache. Ya pili yanajisokota. Ya tatu umefungwa."

"Wifi, mbona unaniambia? Si ungeniacha hivihivi?"

Akaufuta uzi kwenye goti lake. "Sitaki kumshinda mtu aliyefungwa kamba. Nitajisifia nini hapo?"

Halafu hakuondoka. Alikuwa anaangalia chumba changu: giza, kidirisha cha paka, mashati yaliyoziba mlango. Akavuta pumzi ndefu. "Huku kuzuri," akasema.

Nikadhani ananikejeli, nikapandisha hasira. Nikamwambia yote. Nikamwambia suti nyeusi na uzi wa bluu, nikamwambia sindano na mluzi wa mdogo wake, nikamwambia hayo mablanketi matatu yananiuma kuliko jino. "Unaziba mwanga, Wifi! Mwanga ninaoulilia!"

Akanikazia macho, kisha kicheko kikamtoka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko cha mtu aliyechoka, machozi juu. "Mimi nalala mchana," akasema. "Nikirudi zamu jua lote linaingia kitandani kwangu. Magari, wauzaji, watoto wa shule, wote wako chini ya dirisha. Nimetundika blanketi la kwanza, halikutosha. La pili. La tatu. Miaka yote hii sijalala mchana mmoja ukakamilika. Juzi nimesinzia nimeshika mkono wa mgonjwa, yeye ndiye akaniamsha."

"Sasa si ushindwe tu, uje huku?"

"Nishindwe? Makusudi?" Aliniangalia utadhani nimemtukana. "Mwaka jana nilijaribu. Nilimtia Daktari unga kiduchu. Kikapu kikawa kinakuja, nikasikia wewe unatamba kwenye ngazi. Mkono wenyewe ukaongeza."

Tukacheka mpaka tukashikana. Mimi nalitamani dirisha lake, yeye anatamani giza langu, na kati yetu kuna vigari viwili vya urefu wa kidole!

Jumatano, 15 Aprili

Tumekwenda kwa Mama pamoja, tumeshikana mikono kama watoto, tukaomba kubadilishana. Hakuacha hata kuchambua mchele.

"Baba yenu alisema chumba kinafuata gari," akasema. "Nikianza kugawa vyumba kwa huruma, kesho mtahesabiana huruma. Kimbieni."

Wifi alipotoka akaninong'oneza: "Basi nikuachie fainali?" Nikamwambia athubutu! Nitajua, nami sitaingia katika chumba hicho. Akapumua, uso ukamnyooka. Nadhani alikuwa anaogopa nitakubali.

Jumamosi, 18 Aprili

Jana nimempaka Pilipili kwenye meza ya jikoni, meza imefutwa, nimevaa gauni lisilo na manyoya, nywele nimefunga. Kila gurudumu tone la tundu la sindano. Nimemfunika na glasi mpaka kikapu kilipokuja.

NIMEMSHINDA WIFI! Raundi zote! Zote! Sauti imenikauka, naandika huku nakunywa maji ya moto. Wifi kanipa mkono mkavu, kidevu juu, kisha kapanda ngazi haraka kwenda kusaga penseli. Nilisikia kabisa, kra kra kra.

Jumatano, 22 Aprili

Vita. Wifi kaniuliza natumia kiasi gani. Nimemwambia kiasi cha kutosha. Kamnusa Pilipili: "Mafuta ya cherehani." Nimemwambia hongera, una pua. Siri ya tundu la sindano sijaitoa, na mume wangu akiitoa atajitungia uzi wa kushonea midomo yake.

Jumamosi, 25 Aprili

Upepo, mvua haba, hewa imekauka. Daktari kakwaruza raundi ya kwanza tu, kisha kanishinda mara mbili, mwepesi, mkavu, hasikiki hata anapita. Kumbe siku kavu unga hauna mpinzani! Mama katangaza fainali ni Jumamosi ijayo.

Alhamisi, 30 Aprili

Jua. Jua zima! Watu wote nyumbani wanalishangilia, mimi nimelinunia.

Ijumaa, 1 Mei

Kikapu kinakuja jioni na sijui nimpake nini. Mbingu nyeupe, haina hata kiwingu. Hali ya hewa ya penseli hii. Nimekaa na penseli mkono wa kulia na sindano mkono wa kushoto. Nimesaga unga kidogo, nikaufuta. Nimesaga tena.

Saa tisa Mama kaniita nimpunguzie kiuno cha gauni lake la kesho. Kafungua kabati, kanikabidhi. Nikalishika, vidole vyangu vikaacha kila kitu. Baridi. Zito. Kitambaa kile nakijua, nimekishona mwenyewe, kikikauka kinalia kikikunjwa. Hiki hakikulia. Nikaingiza mkono mpaka ndani, kwenye mashuka, kwenye mablauzi: vyote vimelowa kwa ndani, mvua ya miezi miwili imo humo kabatini, na mlango hauachwi wazi upite hewa. Na Pilipili na Daktari watalala humo humo!

Mbingu imekauka. Kabati halijakauka.

Nimepanda ngazi nikiruka mbilimbili. Mlangoni kwa Wifi nikasimama. Ningeweza kupita. Lakini uzi ule wa kijani ningeupeleka wapi? Nikagonga.

"Wifi, kabati la Mama limejaa unyevu. Unga wako utashikana."

Alitoa kichwa, kaangalia dirisha, mwanga ukipenya pembeni mwa mablanketi, kaniangalia mimi. "Jua lote hili? Unanitisha tu."

"Nakuambia kweli."

"Wewe? Siku moja kabla ya fainali?" Akatabasamu. "Nenda kapake gari lako."

Nimempaka. Tone la tundu la sindano, mara nne.

Jumamosi, 2 Mei

Nitajaribu kuandika kwa utulivu. Siwezi.

Nyumba ilijaa. Mama kavaa lile gauni, kiuno kimemkaa sawasawa, kafungua kabati mbele ya watu wote, kachukua kikapu. Wifi alivyomshika Daktari tu, akamzungusha gurudumu kwa kidole, nikaona uso umebadilika. Akaniangalia.

Raundi ya kwanza: kibao juu, Pilipili huyoo! Daktari kakwaruza njia nzima. Nilikuwa sijafumba mdomo na tayari Shemeji kamdaka wangu. Watu wakaruka.

Raundi ya pili, tukabadilishana mifereji. Raundi ile ya kwanza ilikuwa imevunjavunja vidonge vya unga wa Daktari, ukaanza kulegea. Akashuka mkavu, mkali. Kampita Pilipili ngazi ya mwisho. Sare, moja moja! Mume wangu kanishika bega.

Raundi ya tatu Mama katupa sarafu ya kuchagua mfereji, kisha kashika kibao muda mrefu mno. Nilimwangalia Wifi upande wa pili wa njia. Macho yamemwingia ndani, hajalala tangu zamu, na bado anauma midomo, anataka kushinda chumba ambacho hakitaki. Nikampenda saa ileile. Na nikaomba ashindwe.

Kibao juu. Wakashuka pamoja. Ngazi ya katikati pamoja. Kipande cha mwisho pamoja, siwezi kusema nani mbele, nyekundu na nyeupe, nyekundu na nyeupe. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi, shavu sakafuni, jicho moja kwenye mstari. Wakampita. Hakuinuka. Tukasubiri. Mama akamwita. Hakuinuka.

"Shemeji, sema, utaniua!"

Akainua mkono mmoja tu, akiwa bado amelala, na kidole chake kikaonyesha Pilipili.

Sikumbuki nilichofanya. Wanasema nilimbeba Mama mkwe.

Nilipotulia nikamtafuta Wifi. Hayupo ngazini. Hayupo jikoni. Nikaenda nyuma, nikainamia mashati, nikasukuma mlango wa chumba changu. Alikuwa juu ya marundo ya vitambaa, viatu miguuni, Daktari mkononi, amelala fofofo. Nje watu wanaimba, wanapiga sufuria, na yeye hata kope haimtikisiki. Mama akaja nyuma yangu, akachungulia. Akaweka kidole mdomoni, akaenda kuwanyamazisha wote.

Jumapili, 3 Mei

Ameamka leo mchana. Leo! Katoka na alama za kitambaa shavuni, macho meupe, kapendeza mpaka mume wangu kamwuliza amepaka nini. Kakaa mezani, kala sahani mbili. Kisha kaniambia:

"Uliniambia kweli kuhusu kabati."

"Nilikuambia."

"Ndiyo maana sikuamini." Akajifuta mdomo. "Mwakani nakunyang'anya chumba kile."

"Utakifanyia nini, Wifi?"

"Sikitaki. Nataka kukishinda."

Nikamwambia akasage penseli. Tukahama jioni, yeye kabeba mablanketi yake matatu kwenda nyuma, akakuta hayana pa kutundikwa, akajifunika.

Jumatatu, 4 Mei

Asubuhi hii nimeketi mbele ya dirisha, jua hadi kwenye magoti. Mume wangu kasimama mlangoni, midomo kaiweka tayari kwa mluzi, anasubiri kuitwa. Nimeutunga uzi mara moja, mkavu, bila kuulamba.